Kabla ya mfuko wa mbolea, udongo wa Gitega na Muyinga usomwe kwanza

Barabara ya lami itokayo Gitega kwenda Muyinga kupitia Karuzi hupanda na kushuka vilima bila kupumzika. Ukiipita mwezi Novemba, wiki chache baada ya mahindi ya Msimu A kuota, utaona jambo ambalo halihitaji mtaalamu. Mahindi yaliyo karibu na nyumba, kandokando ya migomba, yamekoza ukijani. Yale yaliyo mita 200 tu kutoka hapo, kwenye mteremko, ni mafupi, mashina ni membamba na kingo za majani zimegeuka zambarau. Mbegu ni ileile, mvua ni ileile, na mara nyingi mbolea ilitoka kwenye mfuko mmoja.

Rangi hiyo ya zambarau kwenye mche mchanga kwa kawaida ni dalili ya njaa ya fosforasi. Baridi, au mizizi iliyoliwa na wadudu, inaweza kuleta sura hiyohiyo, na ndiyo sababu jicho peke yake halitoshi. Lakini fosforasi ikikosekana mahindi yakiwa na majani manne au matano, mzizi haukui, na mbolea ya kukuzia inayomwagwa mwezi wa pili hairudishi kilichopotea. Matokeo yake huonekana Januari au Februari: gunzi fupi lenye mapengo.

Mkulima huyo alilipia mbolea. Kwa nini basi shamba lake bado lina njaa?

Burundi ilianzisha mpango wa taifa wa ruzuku ya mbolea, unaojulikana kwa kifupi cha Kifaransa PNSEB, katika msimu wa 2012-2013. Utaratibu wake ni rahisi kueleza. Mkulima hutanguliza sehemu ya bei kabla ya msimu, serikali hubeba sehemu nyingine, na mfuko ukifika hummalizia muuzaji kilichobaki. Mpango huu ulistahili sifa zake, maana uliipeleka mbolea kwenye vilima ambako hapo awali ilizoeleka zaidi kwenye kahawa na chai. Kuanzia 2019, mbolea zilizokuwa zikiagizwa kutoka nje, yaani DAP na urea, zilizipisha bidhaa za FOMI, kiwanda cha Bujumbura kinachochanganya mboji na madini. Leo mkulima wa Bugendana au wa Gasorwe hazungumzii DAP tena. Anataja Imbura ya kupandia, Totahaza, na Bagara ya wakati wa palizi. Kwa anayejua Kirundi, majina yenyewe ni maelekezo: kwimbura ni kuvuna, kubagara ni kupalilia.

Mjadala wa mbolea nchini Burundi kwa miaka ya karibuni umekuwa juu ya kuchelewa. Wakulima waliolipa mapema wamelalamika mara kwa mara kwamba mifuko imefika mbegu ikiwa tayari ardhini, au imefika pungufu. Uhaba wa fedha za kigeni, uleule unaopanga foleni kwenye vituo vya mafuta, unakigusa kiwanda pia kwa sababu sehemu kubwa ya madini ya kuchanganyia hununuliwa nje. Malalamiko hayo ni ya haki. Hata hivyo yamefunika swali la pili, ambalo lingebaki palepale hata kama kila mfuko ungefika kwa wakati: ukishafika kwenye udongo wa Gitega, fosforasi iliyomo inakwenda wapi?

Tufanye hesabu ndogo kwa kutumia DAP, kwa kuwa viwango vyake vinajulikana kila mahali. Mfuko wa kilo 50 una takribani kilo 10 za fosforasi halisi. Tani moja ya punje za mahindi huondoka shambani na karibu kilo tatu. Kwa hesabu ya karatasi, mfuko mmoja ungetosha kulipia tani tatu za mahindi na kubakisha chenji. Kwa familia ya Burundi, ambayo kwa wastani hulima kama nusu hekta, yaani ari 50 na pengine pungufu, huo ungekuwa utajiri. Lakini wastani wa mahindi nchini humo kwa miaka mingi umekuwa ukizunguka tani moja hadi moja na nusu kwa hekta, wakati mbegu chotara zikitunzwa vizuri hupita tani tano.

Tofauti hiyo haitokani na jambo moja. Mbegu dhaifu, mvua inayokatika, viwavijeshi na mmomonyoko vyote vimo. Sehemu ya fosforasi, hata hivyo, ina maelezo yake ya kikemia, na si magumu.

Udongo mwekundu wa nyanda za kati za Burundi, ile sehemu ya Kirimiro inayoizunguka Gitega, ni mzee na umeoshwa na mvua kwa muda mrefu sana. Chokaa na magnesiamu vimeondoka, vikabaki chuma na alumini. Tindikali ikizidi, pH ikashuka chini ya 5.5, alumini huanza kuyeyuka kwenye maji ya udongo na kufanya mambo mawili kwa wakati mmoja. Huchoma ncha za mizizi, nayo ikabaki mifupi na minene. Kisha huikamata fosforasi iliyotoka kwenye mbolea na kuifunga isiweze kunyonywa. Chuma nacho hufanya kazi hiyohiyo ya kufunga. Fosforasi kwa tabia yake haitembei. Naitrojeni husafiri na maji hadi kwenye mzizi, lakini fosforasi husogea milimita chache tu kutoka ilipowekwa, kwa hiyo mzizi ndio unaopaswa kuifuata. Mzizi uliochomwa na alumini haufiki.

Ndiyo maana hata katika udongo wa kawaida mahindi hunyonya sehemu kama ya kumi hadi ya tano tu ya fosforasi iliyowekwa msimu huo. Katika kilo 10 zetu, hizo ni kilo moja au mbili. Nyingine hazijapotea moja kwa moja, maana hubaki ardhini na sehemu yake hufunguka polepole miaka inayofuata. Hekta moja ya udongo mwekundu inaweza kuwa na mamia ya kilo za fosforasi ndani yake na bado mahindi yakafa njaa. Mkulima anakuwa kama mtu mwenye akiba benki ambaye kadi yake imezuiwa.

Hapo ndipo kipimo cha udongo kinapopata thamani, na hapo pia ndipo kinapoeleweka vibaya. Wengi hudhani maabara hupima kuna fosforasi kiasi gani. Haipimi hivyo. Hutumia kimiminika kinachoiga kazi ya mzizi na kuangalia ni kiasi gani kinachotoka. Kwa udongo wenye tindikali, njia zilizozoeleka ni Bray na Mehlich. Olsen ilibuniwa kwa udongo wenye chokaa ingawa maabara nyingi za ukanda wetu huitumia kila mahali. Nambari zinazotoka hazifanani. Kwa Bray, mahindi huanza kutosheka kwenye miligramu 15 hadi 20 kwa kilo ya udongo, ilhali kwa Olsen kiwango hicho ni cha chini zaidi. Karatasi ya majibu inayotaja nambari bila kutaja njia iliyotumika haina msaada kwa yeyote.

Kosa kubwa zaidi, lakini, hufanyika shambani kabla sampuli haijafika popote. Turudi kwenye ile migomba ya kando ya barabara. Katika nyumba nyingi za Gitega na Muyinga, kila kinachotoka jikoni na zizini, majivu, maganda, samadi, mabaki ya maharage, huishia kwenye migomba iliyo karibu na rugo, ua wa familia. Kimerundikwa hapo kizazi baada ya kizazi. Mashamba ya mbali yamekuwa yakitoa bila kurudishiwa. Mtu akichota udongo kidogo hapa na kidogo pale, akachanganya pamoja, maabara itamjibu kwa wastani wa mashamba mawili yasiyofanana, na ushauri atakaopewa hautafaa popote. Sehemu ya karibu na nyumba, ambayo pengine haihitaji hata punje ya fosforasi msimu huo, itapewa. Mteremko unaohitaji chokaa kwanza utapewa mbolea.

Sampuli yenyewe haihitaji mashine. Jembe, ndoo safi ya plastiki, na subira ya kuchimba sehemu 15 hadi 20 kwa mwendo wa kwenda pembe kwa pembe, kina cha sentimita 20, kisha kuchanganya, kuanika kivulini na kufunga nusu kilo. Mahali lilipokuwa zizi, palipochomwa mkaa, penye kichuguu au kandokando ya njia huachwa. Ndoo iliyobeba mbolea jana haifai. Monitari wa kilimo, kama Warundi wanavyomwita bwana shamba wao, anaweza kuwafundisha watu wa kilima kizima kwa asubuhi moja.

Chokaa ndiyo sehemu ya hadithi ambayo wanasiasa hawaipendi, kwa sababu haina mvuto wa mbolea. Mbolea ikimwagwa leo majani hubadilika baada ya wiki mbili. Chokaa husagika polepole na matunda yake huonekana msimu wa pili au wa tatu. Na ni nzito. Ushauri wa tani mbili kwa hekta, ambao si wa ajabu kwa udongo wenye tindikali kali, maana yake ni mifuko 20 ya kilo 50 kwa familia yenye ari 50. Nani ataibeba kwa baiskeli hadi juu ya kilima cha Makebuko? Njia ya kati ipo: kuweka kiasi kidogo kwenye mstari wa kupandia tu, mwaka hadi mwaka, pamoja na samadi. Mabaki ya viumbe hupunguza makali ya alumini na kuziba baadhi ya zile sehemu zinazoifunga fosforasi. Burundi ilipiga marufuku mifugo kuzurura kuanzia Oktoba 2021, na ng'ombe aliyefungwa zizini, pamoja na adha yake yote ya kukatiwa majani, hukusanya samadi mahali pamoja. Mbolea ya kupandia nayo ikiwekwa kwenye mstari, sentimita tano hivi pembeni na chini ya mbegu, hufanya kazi kubwa kuliko kiasi hichohicho kikimwagwa shamba zima, kwa kuwa hugusana na udongo kidogo na mzizi huikuta mapema.

Lakini chokaa bila kipimo nayo ni hatari. Ikizidi, hufunga zinki na hata fosforasi yenyewe. Muyinga ni mfano mzuri wa kwa nini ushauri mmoja kwa nchi nzima haufai. Upande wa Giteranyi ardhi ni ya chini zaidi na kavu zaidi kuliko vilima vya Gitega, na huko kinachozuia mahindi mwaka fulani kinaweza kuwa maji kabla ya tindikali. Kuipelekea Giteranyi dawa ya Kirimiro ni kubahatisha kwa fedha za watu maskini.

Pingamizi la kawaida ni gharama. Nchi yenye watu zaidi ya milioni 12, wengi wao wakulima, haiwezi kupima kila shamba, na ni kweli. Taasisi ya utafiti wa kilimo, ISABU, ina maabara ya udongo Bujumbura, na sampuli kutoka Muyinga inasafiri karibu kilomita 200 kuifikia. Lakini hakuna anayelazimika kupima kila shamba. Burundi ina karibu vilima 3,000, kilima kikiwa ndicho ngazi ya chini kabisa ya utawala. Ukichukua sampuli tatu kwa kila kilima, moja ya karibu na nyumba, moja ya mteremko na moja ya bondeni, unapata 9,000. Zikigawanywa kwa miaka mitatu ni 3,000 kwa mwaka, kazi ambayo maabara moja iliyopewa vifaa na umeme wa uhakika inaweza kuifanya. Majibu yabandikwe kwenye ofisi ya kilima, kwa Kirundi, kwa lugha ya mifuko na vikombe vya soda, si ya miligramu. Hayatamwambia kila mkulima kila kitu. Yatamwambia kama mteremko wake unahitaji chokaa kabla ya Imbura, na hilo tu linaweza kuokoa nusu ya alichotanguliza.

Marekebisho ya utawala yameleta nafasi ambayo haikuwapo. Mikoa 18 imekuwa mitano, na Muyinga sasa imo ndani ya Buhumuza, pamoja na Cankuzo na Ruyigi. Mikoa mikubwa inaweza kubeba vituo vya kupimia pH na tindikali ya alumini, vipimo visivyo na gharama kubwa, na kuiachia Bujumbura vile vigumu. Gitega, mji mkuu wa kisiasa tangu 2019, ungekuwa mahali pa kuanzia.

Kuna kishawishi cha njia ya mkato, nacho kinatoka kwa majirani. Tanzania imegawa vipima udongo vya mkononi kwa halmashauri zake, na vifaa vya aina hiyo vinatangazwa kote Afrika Mashariki. Vinavyotumia mwanga hukadiria vizuri kiasi cha mboji na mfinyanzi. Kwa fosforasi inayoweza kunyonywa na mmea, makadirio ya mwanga ni dhaifu, jambo linalojulikana kwa wanaofanya kazi hiyo. Kifaa kinachotoa jibu la fosforasi ndani ya dakika mbili kinastahili kuulizwa maswali kabla ya kulipiwa. Kenya ilipitia njia ndefu zaidi. Ripoti yake ya mwaka 2014 juu ya udongo wa mashamba ya mahindi ilionyesha jinsi tindikali ilivyoenea, na ikafungua mjadala juu ya DAP, ambayo naitrojeni yake huongeza tindikali ikitumiwa mwaka hadi mwaka bila chokaa. Hiyo ilikuwa mbolea ambayo wakulima wa Kitale na Eldoret waliiamini kwa miongo.

Kabla ya hapo, katika miaka ya 1990, watafiti wa ICRAF na wenzao wa Kenya walifanya kazi Maseno, magharibi mwa nchi hiyo, kwenye udongo mwekundu wenye kiu ileile ya fosforasi. Pedro Sanchez, aliyeiongoza ICRAF wakati huo, alipendekeza fosforasi ihesabiwe kama mtaji wa ardhi: iwekwe nyingi kwa mara moja, kwa fedha za umma, ilipe kwa misimu kadhaa. Walitumia mbolea ya kiwandani, majani ya tithonia, na unga wa mwamba wa fosfeti kutoka Minjingu, Tanzania.

Minjingu inatuhusu kuliko tunavyodhani. Machimbo hayo ya karibu na Ziwa Manyara yalianza kuzalisha 1983, na mwamba wake ni laini kiasi cha kuyeyuka wenyewe kwenye udongo wenye tindikali. Yaani tindikali inayowatesa watu wa Gitega ndiyo inayohitajika kuufungua. Burundi nayo ina mwamba wake, Matongo huko Kayanza, ambako wanajiolojia walikadiria karibu tani milioni 17. Ni mwamba wa volkeno, mgumu kuyeyuka bila kutiwa asidi kiwandani, na kiwango chake cha fosfeti ni kidogo, hivyo si wa kumwaga shambani kesho. Uganda ina Sukulu, Tororo, wenye tabia inayofanana na huo. Wakati huohuo, karibu asilimia 70 ya akiba ya fosfeti duniani iko Morocco, na bei zilipopanda 2008 na tena 2022, mkulima wa Gasorwe alilipia misukosuko asiyoijua.

Viwanda vimeshavuka mpaka kabla ya sera. Itracom, kampuni iliyo nyuma ya FOMI, imejenga kiwanda Nala, Dodoma, na huko mbolea ya ukoo huo huuzwa kwa majina ya Otesha, Kuzia na Nenepesha. Kwa hiyo pale Kobero, upande wa Muyinga, mkulima hupanda na Imbura, na ng'ambo ya pili, Kabanga ya Ngara, mwenzake anaweza kupanda na Otesha. Vilima vinavyotazamana hapo havitofautiani sana. Lakini ruzuku ni mbili, ushauri wa vipimo ni miwili, na sampuli ya udongo kutoka Ngara ikipimwa Mlingano, Tanga, haina namna ya kulinganishwa na ya Butihinda iliyopimwa Bujumbura hadi maabara zote mbili zikubaliane njia. Mtandao wa maabara za udongo za Afrika chini ya FAO, AFRILAB, upo kwa kazi hiyo hasa. Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambayo imetumia miaka mingi kusawazisha viwango vya unga na saruji, haihitaji mkataba mpya kuwakutanisha wakuu wa maabara za Kabete, Kawanda, Mlingano, Rubona na Bujumbura, na kuwapa gunia moja la udongo walipime wote.

Mkutano wa Nairobi wa Mei 2024 kuhusu mbolea na afya ya udongo uliahidi kwamba angalau asilimia 70 ya wakulima wadogo wa Afrika wafikiwe na ushauri unaolingana na ardhi yao. Miaka ya ahadi hiyo inahesabika hadi 2034. Reli ya Uvinza hadi Musongati, ambayo mkataba wake ulitiwa saini Januari 2025, itapunguza gharama ya mzigo mzito, na hakuna mzigo unaohitaji reli kuliko chokaa na mwamba wa fosfeti. Lakini reli ni ya kesho.

Kalenda ya mwaka huu ni fupi zaidi. Mvua za Msimu A huanza Septemba. Udongo unaofaa kupimwa ni ule wa Juni na Julai, mavuno ya Msimu B yakishatoka na ardhi ikiwa kavu. Malipo ya kutanguliza ya Msimu A nayo hukusanywa kabla ya Septemba, na kwa sasa mkulima anayepanga foleni kulipa huulizwa mambo mawili tu: mbolea gani, na mifuko mingapi.